Mkono Nyuma ya Kioo

Marehemu mkewe alikuwa na amri nyingi za nyumba, lakini moja aliishika kama nguzo: bomba hufungwa, maji yawepo yasiwepo. Kabla ya kutoka na kabla ya kulala alipita jikoni na bafuni, akakigusa kila kishikio kwa mkono wake, kwa kuwa, alisema, jicho hudanganywa na bomba kavu. Mumewe alimcheka. Katika mji ule maji yalikuja yalipotaka, leo alfajiri, kesho adhuhuri, na pengine wiki ikapita yasionekane. Watu wengi waliacha bomba wazi juu ya debe ili wayasikie yakianza kudondoka, wainuke wakinge.

"Wewe funga yako," alimwambia mkewe. "Mimi nina masikio. Bomba likikohoa tu nimeshaamka."

Na masikio alikuwa nayo. Ndiyo yaliyomlisha. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkalimani wa mahakama. Alisimama kando ya kizimba, mikono nyuma, suti ya kijivu imepigwa pasi, akaupokea ushahidi wa wafugaji, wajane, wenye maduka na wezi wao katika lugha nne, akaurudisha kwa lugha ya mahakama bila kuutia chumvi wala kuupunguza makali. Alikuwa na mwiko aliojiwekea mwenyewe tangu ujana: hakumwomba shahidi arudie. Mkalimani anayeuliza mara mbili, alisema, humpa mwongo nafasi ya kuutengeneza uongo wake na humtia mkweli wasiwasi. Mahakimu walikuja wakaenda, mwiko ukabaki. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Alikuwa Mkalimani, na alipostaafu yeye, jina halikustaafu.

Mkewe alipofariki, nyumba ilinyamaza.

Mwanzoni alidhani ni ukimya ule wa kawaida, unaoingia watu wakishatawanyika na viti vya kukodi vikirudishwa kwa mwenyewe. Lakini ukimya huo haukuwa na dalili ya kuaga. Ulikaa sebuleni, ukajinyoosha vyumbani, kisha ukashuka ngazi mpaka barabarani. Cherehani za fundi wa chini, ambazo zamani zilimkera hata akapiga sakafu kwa kisigino, sasa zilimjia kama mbu aliye chumba cha pili. Ndege wa asubuhi walihama. Watangazaji wa redio walianza kutafuna maneno kama watu waliofundishwa kusema wakiwa mezani. Aliwavumilia, akawachoka, akampa mlinzi ile redio. Simu nayo ilipoa. Aliyempigia alimkuta baadaye kwenye kioo cha simu, akamwandikia ujumbe mfupi: nilikuwa nimepumzika.

Zaidi ya yote, watu waliacha kuja. Enzi za marehemu mlango ule haukujua kupumzika. Huyu kaja kuazima mizani, yule kaja kulia juu ya mumewe, mwingine hana haja yoyote ila kukaa. Mkalimani alikuwa akisoma gazeti katikati ya msongamano huo, akijifanya amekereka. Sasa alikaa kwenye kiti cha mkewe, akautazama ukuta, akafikia hukumu: kumbe walikuwa wakimfuata yeye. Mimi nilikuwa fanicha.

Hukumu hiyo ilimchoma, lakini hakuikatia rufaa. Mtu aliyelelewa kwa kengele na adhabu za bweni, akafundishwa kutandika kitanda chake kabla ya jua, hawaendei watu kuwaomba wampende. Akikutana na jirani kwenye ngazi aliinamisha kichwa, akasema "Habari," akapita. Wakisimama uso kwa uso alizungumza nao vizuri, kwa heshima na kwa ufupi. Akigeuka, hakuitwa na mtu. Angalau hivyo ndivyo alivyoamini.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, mpima ardhi, aliyeishi mji wa mbali, safari ya kutwa kwa gari. Msiba ulipokwisha binti huyo hakufunga mizigo yake mpaka alipozungumza na baba yake.

"Twende kwangu, Baba. Chumba kipo, wajukuu wapo."

"Na kaburi la mama yako atalitunza nani?"

"Baba, kaburi lina saruji."

"Hata saruji huota majani ikiachwa."

Binti alicheka huku akifuta macho. "Nilijua nitashindwa. Haya, kaa. Lakini wewe ni mtu wa mahakama, tuwekeane sharti. Siku nitakapojua huwezi kujitunza, sitakubembeleza tena. Nitakuja na gari."

"Na mimi sitabisha," alisema Mkalimani. "Hilo ni neno langu."

Alilisema kirahisi, kwa maana hakuona siku hiyo ikija. Alijifulia, alijipikia, alipiga pasi hata soksi. Nyumba ilikuwa yote aliyobakiwa nayo ya mkewe, na kila alichokigusa humo kiliwekwa pale na mkono wake: misumari ya kutundikia vikombe, kiraka cha pazia, alama za penseli kwenye mwimo wa mlango zinazoonyesha binti alivyorefuka. Kuhamishwa humo kungekuwa kumzika mkewe mara ya pili. Binti alipomsihi siku moja akapimwe macho na masikio kwa kuwa umri umekwenda, alienda akapimwa macho. Kwa masikio alisema si lazima. Hayo ndiyo yaliyomsomesha binti. Kupimwa kungechukua asubuhi moja.

Katika jambo moja tu aliiasi amri ya marehemu. Bomba la jikoni aliliacha wazi, na ndani ya sinki, chini yake, alifudikiza bakuli la bati ili maji yakija yalie kama ngoma. Bakuli liliteleza, akalitandikia kitambaa cha kufutia vyombo. Mara mbili tatu alikuta sinki limelowa na bomba limeshakauka tena. Aliulaumu usingizi.

Siku ya mkosi haikuwa na dalili. Ilikuwa alasiri yenye mwanga mzuri. Mkalimani aliufunga mlango wa jikoni kwa sababu ya paka wa jirani, mwizi aliyekubuhu, akaketi sebuleni akisoma, mgongo kwa mlango wa nje. Jiko lile lilikuwa na kizingiti kirefu cha saruji, kilichojengwa makusudi ili maji ya kudekia yasitoroke kwenda sebuleni. Maji ya mji yalipokuja, yalikuja kwa nguvu ya siku zote ambazo hayakuja. Yalipiga bakuli, yakakisukuma kitambaa kwenye tundu la sinki, na bakuli likakikandamiza humo kama kizibo. Sinki lilijaa, likafurika. Sakafu ikawa bwawa nyuma ya kizingiti chake, na bwawa likatafuta pa kwenda, likapaona pale bomba la maji machafu linapopenya zege kushuka chini. Chini palikuwa na duka la fundi.

Mkalimani alisoma sura nzima, akaianza nyingine. Kisha alitamani chai. Alipoufungua mlango wa jikoni, mguu wake ulizama mpaka kifundoni.

Alilifunga bomba. Alilichomoa bakuli, akaling'oa lile tambara, akaona kisulisuli cha maji kikizunguka kwenda chini. Aligeuka kutafuta ndoo, na hapo, kupitia sebule, akauona mlango wa nje.

Mlango huo ulikuwa na kioo cha ukungu kuanzia kifuani kwenda juu. Nyuma ya kioo palikuwa na kivuli cha mtu, na mbele ya kivuli palikuwa na mkono. Mkono ulikuwa umefumbwa ngumi. Uliinuka ukashuka, ukainuka ukashuka. Kioo kilitikisika ndani ya mbao zake. Alikiona kikitikisika, alikiona kikirukaruka kama meno ya mwenye homa. Na hakikuwa na sauti.

Alisimama na ndoo mkononi, maji yakimchuruzika miguuni, akitazama. Alipiga hatua, akapiga nyingine. Alipoufikia mlango kabisa ndipo kitu kilipomjia, kidogo na cha mbali, kama mtu anayegonga meza katika nyumba ya tatu.

Akafungua. Alikuwa Fundi wa chini, utepe wa kupimia shingoni, blauzi imelowa mabega.

"Umeridhika, Mzee? Roho yako imetulia sasa?"

"Fundi, maji..."

"Maji ndiyo! Umeyaona leo? Nimegonga mpaka vidole havikunjiki! Nimeita, nimepiga mlango wa watu mateke kama polisi! Na wewe umekaa. Nimekuona, usikatae, nimeona kichwa chako hicho kwenye kiti cha marehemu, nimeona mkono wako unafungua kurasa. Hata kugeuka! Hata kusema subiri!"

 Kwa mara ya kwanza maishani Mkalimani alikosa lugha, na alikuwa nazo nne.

"Njoo uone," alisema Fundi. "Njoo usome na huko."

Dukani kwa Fundi maji yalikuwa bado yakidondoka kutoka darini, tone kwa tone, kwenye meza ya kukatia. Sare za wauguzi zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, nyeupe pe, zimeshatiwa vifungo, za kuvaliwa kwenye mahafali mwishoni mwa juma. Maji ya kwanza baada ya ukame wa bomba huja na kutu ya siku zote hizo. Kutu hiyo ilikuwa imeteremka juu ya weupe ule kwa michirizi ya rangi ya chai, mabegani, vifuani, kwenye kola. Hakuna sabuni ya kuiondoa, na kila mwanamke aliyewahi kufua nguo nyeupe anajua.

Msimamizi wa jengo alikuwa ameshazima swichi kuu ya duka na alikuwa akisukuma maji nje kwa ufagio. Alikuwa mstaafu wa zimamoto na kila mtu alimwita Kamanda.

"Mzee Mkalimani," alisema, "maisha yangu yote nimeyakimbilia maji hayapatikani. Leo yamenifuata mwenyewe nyumbani."  Akarudi kwenye ufagio.

Fundi alikuwa akizishusha sare moja moja, akizitazama nyuma na mbele, akiziweka kwenye fungu. Hakuwa akifoka tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Bi Mkubwa angekuwa hai, haya yasingetokea," alisema. "Yule alikuwa mtu." Mkalimani aliinama kuokota sare iliyoanguka, Fundi akamnyang'anya. "Acha. Mwache aende zake, Kamanda. Sikio la kufa hilo."

Mkalimani aliyaona maneno hayo midomoni mwake kama alivyoyaona mengine yote. Akapanda ngazi.

Asubuhi ya pili yake alifanya jambo ambalo angemwona mtu mwingine akilifanya angesema amechanganyikiwa. Alilichukua lile bakuli la bati, akaliinua hadi usawa wa kifua, akaliachia. Liliruka sakafuni, likazunguka, likajikung'uta, likalala. Akaliokota, akarudia akiwa amelipa mgongo. Mara hii hakujua kabisa lilitua saa ngapi. Aligeuka, akalikuta limeshatulia. Alienda mlangoni, akapiga kioo kwa ngumi kutoka ndani, masikio yake yakiwa karibu na mkono wake mwenyewe, na kioo kikamjibu kwa unyonge.

Aliketi kwenye kiti cha mkewe.

Kwa hiyo haikuwa nyumba iliyonyamaza. Ndege hawakuhama, watangazaji hawakutafuna kitu. Maisha yake yote alikuwa amewatazama mashahidi midomoni, hata hakujua ni kiasi gani cha usikivu wake kilikuwa kimeshahamia machoni. Na kila aliyesimama mbele yake alimpata, na kila aliyekuwa nyuma yake alipotea. Ukimya ule aliudhani ni urithi wa marehemu. Aliuheshimu, hakuufukuza kwa muziki wala kwa wageni, alikaa nao kama mfiwa anavyokaa na msiba wake. Kumbe haukuwa wa mkewe hata kidogo. Ulikuwa wake peke yake.

Kisha akautazama mlango, na swali likaja ambalo lilimfanya ainuke tena: ni mikono mingapi imewahi kuwa nyuma ya kioo kile?

Binti yake alifika mchana. Kamanda alikuwa amempigia jioni ile ile ya maji, naye akasafiri usiku kucha. Aliingia akiwa na vumbi la njia, akamkumbatia baba yake, akaenda moja kwa moja jikoni, akatazama, akarudi.

"Kamanda ameitisha kikao dukani saa kumi," alisema. Walikuwa wameketi uso kwa uso, na Mkalimani alimwelewa kila neno. "Nimeshapita kwa Fundi. Kitambaa nitalipa mimi, na ushonaji nitalipa. Hana shida na hilo. Shida yake ni dharau. Anasema alikuwa anakufa pale mlangoni na wewe unamsikia."

"Anasema hivyo."

"Sasa nisikilize, Baba. Wewe sema ulikuwa umelala. Ulikunywa dawa ya mafua, ukasinzia kwenye kiti. Basi. Nani hajawahi kusinzia?"

"Aliniona nikifungua kurasa."

"Aliona kivuli kwenye kioo cha ukungu! Hakimu gani angeupokea ushahidi huo?"

Mkalimani karibu atabasamu. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

"Ukisema hivyo," aliendelea binti, "yanaisha leo leo. Wewe unabaki kwako, mimi narudi kwangu, hakuna anayejua neno." Akakichezea kifungo cha mkoba. Kisha akauinua uso. "Lakini mimi niambie kweli. Kwa nini hukumfungulia? Maana hata mimi hupokei simu zangu, Baba. Inaita, inaita. Halafu unaniletea ujumbe, nilikuwa nimepumzika. Nilidhani umenichoka."

Hili hakuliweza. Angeweza kulivumilia neno la Fundi, angeweza hata kulizoea. Alimtazama mwanawe, mwanamke mzima mwenye mvi mbili tatu za mapema, aliyekaa siku nyingi na wazo hilo bila kulisema, kwa sababu yeye naye alilelewa kutowaendea watu kuwaomba.

Lakini kumjibu hapo ilikuwa kufunga mizigo. Sharti lilikuwa wazi, na neno lilikuwa lake. Upande mmoja kulikuwa na uongo mdogo, wa mafua, usiomgharimu mtu chochote. Mwishoni mwake kulikuwa na nyumba, vikombe kwenye misumari yao, alama za penseli. Upande wa pili kulikuwa na ukweli, na gari lililoegeshwa barabarani.

"Twende kikaoni," alisema.

Walikaa kwenye viti vya duka, chini ya kamba tupu. Madirisha yalikuwa wazi ili ukuta ukauke. Kamanda alifungua kikao kwa kukohoa, akamtaka Fundi aseme, Fundi akasema, kwa ufupi kuliko jana. Sare zitarudiwa, kama atapata pa kushonea, maana duka halina umeme mpaka zege likauke. Fedha binti ameshaahidi. Yeye anataka kujua kitu kimoja tu: amemkosea nini huyu mzee.

Kamanda akamgeukia Mkalimani. Binti alimtazama baba yake na kwa chini chini, kwa kidole tu, akaigusa pua yake: mafua.

Mkalimani alisimama. Mikono ilijiendea yenyewe nyuma, mahali pake pa zamani.

"Fundi," alisema, "hujanikosea. Sikulala, sikuugua mafua. Nilikuwa nasoma, kama ulivyoona. Nilipoinuka nikauona mkono wako kwenye kioo. Niliuona. Sikuusikia."

"Hukuusikia vipi?" aliuliza Kamanda. "Ulikuwa unatikisa jengo zima. Mimi nilikuwa uani nikausikia."

"Sisikii," alisema Mkalimani. "Asiye mbele ya uso wangu, simsikii. Nilikuwa sijui. Nimejua jana, pale mlangoni. Na bomba nililiacha wazi kwa mkono wangu, kwa kuwa nilijiona nina masikio. Marehemu alinikataza maisha yake yote."

Kidole cha binti kilibaki puani, kimesahauliwa.

Fundi aliinama juu ya fungu la sare zilizoharibika. Mabega yake yalitikisika kidogo. Alikuwa anasema kitu, lakini alikisemea kitambaa. Wengine walikuwa wamekisikia, kwa kuwa Kamanda alishusha macho. Mkalimani aliungoja uso uinuke, haukuinuka. Basi akafanya ambalo hakulifanya mbele ya hakimu yeyote.

"Inua uso, Fundi. Rudia, tafadhali. Sikukupata."

Fundi akainua uso. "Nimesema, kwa hiyo siku zote zile. Pazia! Bi Mkubwa aliniletea pazia nilipinde kabla hajalazwa. Alipofariki nikakuletea. Nikabisha hodi. Nikarudi kesho yake nikabisha. Siku ya tatu nikasema mzee hataki kutuona, tunamkumbusha. Nikalikunja. Liko kabatini mpaka leo."

"Mimi nilikuja kukuita tukatazame mpira," alisema Kamanda. Alisema kwa sauti kubwa sasa, kama watu wote ambao ndiyo kwanza wanajua kwamba mtu hasikii. "Mara nyingi tu! Mwisho nikamwambia mke wangu, yule bwana mkubwa, atakaaje na sisi wa mipira ya maji? Tukakuacha na ukubwa wako."

"Yule mwalimu aliyekuwa chumba cha mwisho," alisema Fundi. "Alihama. Alikuja kukuaga, na mkewe na watoto, wamevaa. Walisimama hapo mlangoni kama wanapigwa picha. Walishuka kimya. Mkewe alilia."

Waliendelea. Kila mmoja alipokumbuka lake alimkumbusha mwenziwe jingine, na Mkalimani aligeuza kichwa kutoka mdomo hadi mdomo, kama zamani, asipitwe na neno. Walikuja. Walikuwa wakija wakati wote. Hasara ya sare ilikuwa ya kulipika. Hii aliisimamia wima, mikono nyuma, akaipokea yote hadi wakaishiwa.

"Simu," alisema binti yake mwishoni, polepole. "Kumbe simu."

"Kumbe simu, mwanangu."

Kisha akamgeukia Fundi. "Sebule yangu ni kavu, ina madirisha mawili, na umeme upo. Cherehani zipande leo, mahafali yasikupite. Ukae mpaka duka likauke na mpaka hasara yako irudi, hata kama ni mwaka. Sitaki kodi."

"Na wewe utalala wapi, Mzee? Juu ya meza ya kukatia?"

"Mimi nina safari."

Binti alisimama. "Baba, hapana. Kutosikia si kutojiweza. Nilisema vile kwa uchungu wa msiba. Tutakununulia vifaa vya masikioni, utakaa kwako."

"Maji yalijaa jikoni nami niko hatua chache," alisema Mkalimani. "Siku nyingine yatakuwa moto. Juu ya nani? Juu ya hawa hawa."

Kamanda, ambaye alijua moto, aliitikia kwa kichwa.  Na binti alipokiona kichwa hicho aliketi tena.

Waliondoka asubuhi iliyofuata. Cherehani zilikuwa zimeshapangwa sebuleni, na kiti cha marehemu kilikuwa kimesogezwa pembeni, kimelundikwa vitambaa vyeupe vipya. Mkalimani alichukua sanduku moja na ile suti ya kijivu. Fundi alimkabidhi pazia, limekunjwa, pindo lake limenyooka. Alilipokea kwa mikono miwili, akalitia sandukuni juu ya nguo. Watu wa jengo walitoka. Kila mmoja alimsogelea karibu, akaikunjua midomo yake kama anayemfundisha mtoto irabu, akampigia kelele kwamba watakuja kumtembelea. Huko mbali! Safari ya kutwa! Aliwashukuru kila mmoja kwa zamu yake, na aliwaamini, na alijua hawatakuja.

Njia ilikuwa ndefu na nyoofu. Binti alishika usukani, macho mbele. Baada ya mwendo kidogo Mkalimani aliona shavu lake likicheza, akajua anazungumza. Lakini kutoka ubavuni mdomo hausomeki. Akamgusa bega. Binti alishtuka, akaelewa, akaliegesha gari kando ya barabara, akamgeukia uso mzima.

"Nilikuwa nauliza kama una njaa."

"Sina, mwanangu. Asante."

Wakaendelea. Mara ya pili hakusimamisha gari; alipunguza mwendo, akageuza uso nusu, akasema haraka haraka, akarudisha macho njiani. Mkalimani alilipata neno la kwanza na la mwisho, akaitikia kwa kichwa. Mara ya tatu lori lilikuwa linakuja mbele yao, na binti aliufumbua mdomo, akaufumba. Baada ya hapo hakuufumbua tena.

Mkalimani hakumlaumu. Mwenye usukani sharti atazame anakokwenda. Aligeukia dirisha lake, akayatazama mashamba yakipita, na watu ndani yake wakiinua majembe na kuyashusha.